Majivu, vyungu na karamu ya wafu: maswali kuhusu mazishi ya Waetruski na yale waliyoyapokea kwa Wagiriki

Kila ninapomwonyesha mtu picha ya kasha la majivu la Kietruski, maswali huwa yaleyale. La kwanza: "Huyu anakula nini?" Maana marehemu amechongwa juu ya kifuniko akiwa ameegemea kiwiko, bakuli mkononi, kama mwenyeji anayewasubiri wageni wakae. La pili: "Si Wagiriki hao waliowafundisha?" Majibu yangu ni haya hapa, mengine marefu, mengine ya maneno machache. Miaka ya kabla ya Kristo nimeitia alama ya KK.

Waetruski walikuwa nani?

Watu wa Italia ya kati, kati ya mto Arno na mto Tiber, katika nchi ambayo leo ni Toscana pamoja na sehemu za Lazio na Umbria. Hawakuwa na dola moja. Kila mji ulijitawala: Tarquinia, Cerveteri, Vulci, Chiusi, Volterra, Perugia na mingineyo. Lugha yao haikuwa na undugu na Kilatini wala Kigiriki. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, aliandika kwamba walihamia kutoka Lydia, katika Uturuki ya leo. Dionysius wa Halicarnassus, mwanahistoria mwingine Mgiriki, akakataa, akasema ni wenyeji wa palepale. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2021 unamuunga mkono Dionysius, kwani nasaba yao inafanana na ya majirani zao Walatini.

Majirani walikuwa wengi: Walatini, Waumbri, Wasamniti, na kusini kabisa Walukania na Wadauni. Waetruski nimewapa nafasi kubwa kwa sababu ndio walioacha vyungu na makasha mengi ya majivu, na kwa sababu walifanya biashara na Wagiriki kwa karne nyingi bila ya kutawaliwa nao.

Ndani ya chungu kulikuwa na majivu tu?

Kilichomo zaidi ni mifupa. Moto wa kuni hauligeuzi umbile la mtu kuwa unga. Huacha vipande vyeupe na vya kijivu, vilivyopasuka na kujikunja. Moto ukishazimwa, ndugu walipekua makaa, wakaokota vipande hivyo kwa mkono na kuviweka chomboni. Mara nyingi uzito unaopatikana ni mdogo kuliko ule ambao mwili mzima wa mtu mzima ungeacha, kwa hiyo tunajua hawakuokota vyote. Pamoja na mifupa kulitiwa pini za nguo, wembe wa shaba kwa mwanamume, au kichwa cha pia ya kusokotea uzi kwa mwanamke.

Kwa hiyo ninaposema "majivu" katika ukurasa huu, ninafuata mazoea ya lugha tu. Fikiria mikono ya watu wakichambua makaa. Bila picha hiyo, vyungu hivi hubaki vyombo vya makumbusho na si kazi ya wafiwa.

Je, Wagiriki ndio waliowafundisha Waitalia wa kale kuchoma maiti?

Hapana. Jibu hili nalisema waziwazi kwa sababu kosa hili limeenea mno.

Desturi ya kuchoma maiti na kuzika mifupa chunguni ilienea Ulaya ya kati tangu karibu 1300 KK, na ikafika Italia kabla ya Mgiriki yeyote kujenga kijiji huko. Kufikia karne ya 9 KK ilikuwa desturi ya kawaida katika utamaduni ambao wanaakiolojia huuita wa Villanova, kwa jina la mahali karibu na Bologna ambako Giovanni Gozzadini alianza kufukua makaburi mwaka 1853. Hao wa Villanova ndio Waetruski wa kwanza.

Tena Wagiriki wenyewe hawakuwa na desturi moja. Athens peke yake ilibadilisha mara kadhaa kati ya kuzika mwili na kuuchoma. Walatini nao walifanya yote mawili. Kaskazini mwa Etruria, yaani nchi ya Waetruski, mijini kama Chiusi na Volterra, watu walishikilia moto kwa karne nyingi, huku miji ya kusini, Cerveteri kwa mfano, ikielekea zaidi kwenye kulaza mwili mzima kaburini. Ukiona mji umebadili mazishi, usikimbilie kumtafuta mgeni.

Vyungu vya mwanzo vilikuwaje?

Hapa ningependa tukae kidogo, maana bila vyungu hivi yote yanayofuata hayaeleweki.

Chungu cha Villanova kina umbo la koni mbili zilizounganishwa kwenye matumbo: chini kimebana, katikati kimetanuka, juu kimebana tena hadi shingoni. Kilifinyangwa kwa mkono, kwa udongo mzito wa rangi ya kahawia au nyeusi, kisha kikachorwa kwa kifaa chenye meno kama kitana: mistari iliyovunjika, miraba, vifunda. Kilikuwa na vishikio viwili, lakini mara kwa mara unakuta kimoja kimevunjwa kwa makusudi kabla ya kuzikwa. Kilishushwa katika shimo la mviringo lililochimbwa kama kisima kifupi.

Kifuniko ndicho kinachosema mengi. Kwa kawaida ni bakuli lililopinduliwa. Lakini kwa baadhi ya wanaume ni kofia ya vita, ya shaba yenyewe au ya udongo ulioigiza shaba, yenye kishungi kirefu juu kama cha jogoo. Chungu kikavikwa kofia. Kule Verucchio, karibu na Rimini, unyevu wa ardhi umehifadhi mbao na nguo, na huko tumeona zaidi: vyungu vilivyovishwa vazi na kufungwa kwa pini pale ambapo mabega yangekuwa. Moto ulikuwa umemvunja mtu, na ndugu zake wakamjenga upya kwa udongo, kitambaa na shaba.

Wengine waliyaweka majivu katika nyumba. Huko Latium, nchi ya Walatini, na kusini mwa Etruria vimepatikana vyungu vyenye umbo la kibanda: ukuta wa mviringo, paa lenye mbao zilizopishana kileleni, na mlango unaofungwa kwa kipini. Vya kwanza kujulikana vilifukuliwa mnamo 1817 karibu na Castel Gandolfo. Wanaakiolojia wanaotaka kujua nyumba za Roma ya mwanzo zilivyokuwa hutazama makaburi haya, kwani nyumba zenyewe zimebaki matundu ya nguzo ardhini.

Mwili na nyumba: mawazo haya mawili yalikuwepo Italia kabla ya Wagiriki kutia nanga, na hayakuondoka tena.

Basi Wagiriki walileta nini?

Karibu 770 KK Wagiriki kutoka kisiwa cha Euboea walifanya makazi Pithekoussai, kisiwa ambacho leo ni Ischia, mbele ya Napoli. Baadaye wakavuka hadi bara, Cumae. Walitafuta madini, chuma hasa, na Waetruski walikuwa nayo.

Walikuja na maandishi. Katika kaburi namba 168 la Pithekoussai, Giorgio Buchner alipata kikombe cha udongo mwaka 1954, kimevunjika na kuungua, chenye mistari mitatu ya Kigiriki iliyokwaruzwa ubavuni kutoka kulia kwenda kushoto. Kinamtaja Nestor, mzee wa hadithi za Troy, na kusema kwamba atakayekinywea atashikwa na tamaa ya Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kigiriki tuliyo nayo, ya karne ya 8 KK, na yalitupwa motoni pamoja na maiti. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba aliyezikwa ni mvulana. Uchunguzi wa mifupa uliochapishwa 2021 umeonyesha mabaki ya watu wazima wasiopungua watatu. Kutoka kwa alfabeti hii ya Waeubea Waetruski walitengeneza yao, na kutoka kwa ya Waetruski Warumi wakapata ile ambayo mimi naitumia sasa hivi kuandika Kiswahili.

Walikuja pia na namna ya kumzika shujaa. Katika Iliad, utenzi wa Kigiriki wa vita vya Troy, mifupa ya shujaa Hector inaokotwa, inafungwa kwa vitambaa laini vya zambarau na kuwekwa katika kasha la dhahabu. Si ndoto ya mshairi tu. Huko Lefkandi, Euboea, mtu mkubwa wa karne ya 10 KK alizikwa mifupa yake ikiwa imefungwa kitambaa ndani ya chombo cha shaba. Na Cumae, katika kaburi la mwisho wa karne ya 8 KK linaloitwa Fondo Artiaco, mifupa ilikuwa ndani ya chombo cha fedha kilichowekwa ndani ya sufuria kubwa ya shaba. Wakuu wa Kiitalia walioona mazishi ya namna hiyo walielewa mara moja: moto ambao wao wenyewe waliujua tangu zamani sasa ulikuwa na fahari mpya.

La tatu ni divai na karamu yake, pamoja na vyombo vyote vya kuchanganyia, kuchotea na kunywea. Hilo nitalirudia.

Kwa nini vyombo vingi mno vya Kigiriki vimetoka makaburini Italia?

Kwa sababu Waetruski walivinunua, wakavithamini, na wakavizika. Chombo kilichotumika nyumbani huvunjika. Kilichofungiwa ndani ya chumba cha mawe hukaa miaka 2500.

Mwaka 1828 ardhi ilibonyea chini ya ng'ombe wa kulima huko Vulci na kufichua kaburi. Lucien Bonaparte, ndugu yake Napoleon, aliyekuwa na mashamba hapo, akafukua vyombo kwa maelfu. Wakati huo wengi waliamini ni kazi ya Waetruski. Ndiyo maana Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza, alikuwa ameshaipa karakana yake jina la Etruria mwaka 1769, akiiga vyombo ambavyo kumbe vingi vyake ni vya Wagiriki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni chombo cha François, kilichookotwa vipande vipande karibu na Chiusi na Alessandro François mnamo 1844 na 1845. Ergotimos alikifinyanga na Kleitias akakichora huko Athens karibu 570 KK. Kina urefu wa sentimita 66 na picha za watu na wanyama zaidi ya 200, wengi wakiwa na majina yao kando. Ni chombo cha kuchanganyia divai na maji. Lakini tazama kilichochorwa: mashindano ya magari ya farasi kwenye mazishi ya Patroclus, rafiki wa shujaa Achilles, na katika vishikio, Ajax akiwa amebeba maiti ya Achilles mwenyewe begani, miguu na nywele zikining'inia. Mwaka 1900 mlinzi wa makumbusho ya Firenze alikirushia kigoda kwa hasira kikavunjika vipande 638. Kimeunganishwa tena, na kingali kinaonekana huko.

Biashara haikuwa ya upande mmoja. Nikosthenes, mfinyanzi wa Athens wa nusu ya pili ya karne ya 6 KK, alitengeneza mitungi yenye vishikio bapa vipana, umbo lisilo la Kigiriki hata kidogo. Aliliiga kutoka vyombo vyeusi vya Kietruski, bucchero, na karibu yote alimuuzia mteja wa Cerveteri. Fundi wa Athens alifuata ladha ya Mwetruski. Wanaosimulia habari hii kana kwamba Waetruski walipokea tu wamemsahau Nikosthenes.

Neno suthina ni nini?

Ni neno la Kietruski lenye maana ya "cha kaburini", kutoka suthi, kaburi. Limekwaruzwa kwenye vioo, sahani na mitungi ya shaba, pengine juu ya uso uleule ambao mtu angejitazamia, ili kioo kisitumike tena na walio hai.

Vyungu vya Chiusi vyenye vichwa vya watu vina uhusiano na Misri?

Havina. Wanaakiolojia wa zamani waliviita "vya Canopus" kwa kuwa viliwakumbusha mitungi ya Wamisri, lakini ile ya Misri iliwekwa viungo vya ndani vya maiti iliyokaushwa, na hii ya Chiusi iliwekwa mifupa iliyochomwa.

Ni ukoo wa moja kwa moja wa chungu cha Villanova. Katika karne ya 7 KK watu wa Chiusi walianza kufunga barakoa ya shaba kwenye chungu. Kisha kifuniko chenyewe kikawa kichwa, chenye pua, masikio yaliyotobolewa kwa hereni, na vishikio vikawa mikono. Chungu kiliketishwa juu ya kiti cha enzi cha shaba au cha udongo, na vyote vikashushwa ndani ya mtungi mkubwa. Kadiri karne zilivyopita, mkono wa Mgiriki ukaonekana: nywele zikapangwa, midomo ikapata tabasamu la sanamu za Ionia, pwani ya Wagiriki katika Uturuki ya leo. Karibu 450 KK sanamu kutoka Chianciano, ambayo sasa iko Firenze, ni mwanamke wa jiwe aliyeketi na mtoto mapajani, amechongwa kwa mtindo ambao Mgiriki wa wakati ule angeutambua. Ndani yuko tupu, kwa ajili ya majivu, na kichwa chake kinatoka. Mgiriki hapo angeshangaa.

Kwa nini marehemu wamelala kama walio karamuni? Na mbona mke yuko pamoja na mume?

Kula ukiwa umejinyoosha kitandani kulitoka Mashariki, kwa wafalme wa Ashuru, Wagiriki wakaupokea na kuufanya mtindo wa karamu zao za divai, na kwa njia yao ukafika Italia. Waetruski wakaupeleka kaburini.

Kazi iliyo maarufu kuliko zote ni Kasha la Wanandoa kutoka Cerveteri, la karibu 520 KK, lililopatikana 1881 likiwa katika mamia ya vipande na sasa liko katika makumbusho ya Villa Giulia, Roma. Lingine linalofanana nalo liko Louvre, Paris. Huitwa jeneza kwa ukubwa wake, ingawa kuna sababu nzuri za kuamini lilikuwa la majivu. Mume na mke wamelala bega kwa bega chini ya blanketi moja, mkono wake mume uko begani kwa mke, na mke alikuwa ameshika kitu, huenda kichupa cha manukato, akimmiminia kiganjani. Nyuso ni za mtindo wa Ionia, macho yameinuka pembeni kama ya lozi, na wote wawili wanatabasamu.

Sasa, katika karamu ya Mgiriki mke wa mtu hakuwepo. Waliokuwepo ni wapiga zumari na makahaba. Theopompus, mwandishi Mgiriki wa karne ya 4 KK, aliandika kwamba wake wa Kietruski hula na wanaume na hawana haya. Yalikuwa maneno ya fitina. Alichokieleza ni nyumba ambayo mke alikuwa na kiti mezani, na jina lake likaandikwa kaburini. Wagiriki walitoa kitanda cha karamu. Ni Waetruski walioamua nani alale juu yake.

Hadithi za Kigiriki kwenye makasha ya Volterra zilikuwa mapambo tu?

Tangu karne ya 3 hadi ya 1 KK mafundi wa Volterra walichonga makasha madogo ya alabasta na mawe laini. Kifuniko kina marehemu aliyeegemea kiwiko, kichwa kikubwa na mwili umefupishwa, mwanamke akiwa na upepeo, kioo au komamanga, mwanamume akiwa na bakuli la sadaka. Upande wa mbele umechongwa mchezo mzima: Eteocles na Polynices, ndugu wawili wa Thebes, wakiuana, Odysseus amefungwa kwenye mlingoti huku Wasireni, viumbe wa kike wanaowavuta mabaharia, wakipiga muziki juu ya mwamba, Actaeon akiraruliwa na mbwa wake, Iphigeneia akichukuliwa kwenda kutolewa kafara, Pelops na gari la farasi la Oenomaus. Makumbusho ya Guarnacci, yaliyoanza kwa zawadi ya Mario Guarnacci kwa wananchi wa Volterra mwaka 1761, yana zaidi ya makasha 600.

Wapo waliosema fundi alinakili kitabu cha michoro bila ya kuelewa. Mimi sikubali. Tazama wanachochagua: kifo cha ghafla, kuagana, safari ya hatari, ndugu aliyemwaga damu ya ndugu. Tena fundi huongeza watu wasiokuwemo katika hadithi ya Kigiriki, hasa mwanamke mwenye mabawa aliyeshika mwenge. Huyo ni Vanth, roho ya kuzimu ya Waetruski. Ukimwona amesimama kando ya Eteocles, hadithi ya Thebes imekwisha kuhamia Volterra. Na makasha mengine hayana Mgiriki kabisa: marehemu amepanda farasi au gari lililofunikwa, jamaa wameshikana mikono naye, safari inaanza.

Mfano mkubwa zaidi uko ukutani. Katika kaburi la François huko Vulci, lililogunduliwa 1857, Achilles anawachinja mateka wa Troy kwa ajili ya Patroclus. Charu, mlinzi wa lango la kuzimu, na Vanth wamesimama wakitazama. Upande wa pili wa chumba, mashujaa wa Vulci wanawachinja maadui zao. Mwenye kaburi alitaka visa hivyo viwili visomwe pamoja.

Charu wa Waetruski si ndiye Charon wa Wagiriki?

Jina ni moja, kazi mbili. Charon ni mzee mwenye mashua anayevusha roho mtoni. Charu, ambaye huandikwa pia Charun, ana nyundo kubwa, mara nyingine ngozi ya buluu na pua kama mdomo wa tai, na hana mashua. Husimama penye lango la kuzimu. Baadhi ya watu humwona mtesaji, lakini kwenye picha nyingi nyundo yake haimpigi yeyote. Analinda mlango na kumsindikiza anayeingia. Wafalme wa kuzimu nao walipokea majina: Aita ni Hades, Phersipnai ni Persephone, wamechorwa pamoja katika kaburi la Orcus huko Tarquinia.

Waliokuwa maskini walizikwaje?

Huko Chiusi walinunua makasha madogo ya udongo yaliyotolewa kwenye kalibu, mamia yakiwa na picha moja ileile, na jina likaandikwa kwa rangi. Tukio lililopendwa ni shujaa anayepigana kwa plau badala ya upanga.

Kusini je, mbali na Waetruski?

Huko Wagiriki walikuwa majirani wa mlango kwa mlango, na mambo yalikuwa tofauti. Capua walipenda sufuria kubwa za shaba kwa majivu, zenye wapanda farasi wadogo wanaopiga mishale juu ya kifuniko. Poseidonia, yaani Paestum, Wagiriki wenyewe walichora Kaburi la Mpiga Mbizi karibu 480 hadi 470 KK, lililogunduliwa 1968: karamu kwenye kuta nne, na juu ya kifuniko kijana akiruka majini. Walukania walipouchukua mji waliendeleza uchoraji, lakini wakachora yao: askari anarudi nyumbani, wanawake wakilia kando ya kitanda cha maiti, watu wawili wakipigana kwa mikuki kwa heshima ya marehemu.

Apulia walifinyanga mitungi mikubwa, mingine zaidi ya mita moja, yenye picha ya marehemu amesimama ndani ya kibanda cheupe kama hekalu dogo. Mingi ilizikwa na Waitalia, Wadauni na Wapeuketi, si Wagiriki. Mingine haina kitako, kwa hiyo haikuwahi kutia divai. Ilitengenezwa kwa ajili ya kaburi tangu mwanzo.

Na Warumi?

Sheria ya Mbao Kumi na Mbili, ya karibu 450 KK, ilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji. Pia ilibana matanga: wapiga zumari wasizidi kumi, wanawake wasikwaruze mashavu wala kuomboleza kwa kelele, dhahabu isizikwe isipokuwa ile iliyofunga meno ya marehemu. Cicero anasema masharti haya ya kubana gharama na vilio yalichukuliwa kutoka sheria za Solon wa Athens. Ushawishi wa Kigiriki, basi, ulikuja mara nyingine kupunguza fahari badala ya kuiongeza. Hili huwa linasahaulika kwa sababu sheria haikai kwenye kabati la kioo.

Familia kubwa zilitofautiana. Ukoo wa Cornelii ulizika miili. Scipio Barbatus, wa mwanzo wa karne ya 3 KK, alilazwa katika jeneza la jiwe lenye umbo la madhabahu ya Kigiriki. Sulla, aliyekufa 78 KK, ndiye wa kwanza katika tawi lake la ukoo huo kuchomwa. Alikuwa ameifukua maiti ya adui yake Marius, na inasemwa aliogopa kulipiziwa.

Vyombo vinavyouzwa mnadani ni halali kununua?

Usinunue usichojua kilikotoka. Mtungi wa Euphronios, unaoonyesha Usingizi na Kifo wakimwinua Sarpedon, uliibwa kaburini Cerveteri na kuuzwa kwa makumbusho ya Metropolitan, New York, mwaka 1972 kwa dola milioni 1. Ulirudishwa Italia 2008. Mtungi ulirudi, kaburi halikurudi. Hatujui ulikuwa kando ya nani, umewekwa wapi, na vyombo gani vingine. Kila chungu kilichotolewa usiku kwa jembe ni mtu aliyepokonywa majina yake mara ya pili.

Desturi hii iliisha lini?

Haikuzimwa kwa siku moja. Miji ya Etruria ilimezwa na Roma, na mwaka 90 KK wenyeji wengi wakaanza kupewa uraia wa Kirumi. Lugha ikafifia, makasha yakapungua.

Nje ya Perugia kuna kaburi la familia ya Velimna, lililogunduliwa 1840 wakati wa kutengeneza barabara. Unashuka ngazi, unaingia chumba kilichochongwa mwambani kama ukumbi wa nyumba, na paa lake limechongwa kama la mbao. Mwisho kabisa wamekaa wenyewe, Arnth Velimna juu ya kitanda chake cha karamu, jamaa zake kandokando. Mmoja tu ni tofauti. Kasha lake ni la marumaru, limechongwa kama nyumba ndogo yenye milango, na limeandikwa mara mbili. Kwa Kietruski, juu ya paa, anaitwa Pup Velimna Au Cahatial. Kwa Kilatini, mbele, ni Publius Volumnius Violens, mwana wa Aulus. Kisha fundi akaongeza kwa Kilatini jambo ambalo Mrumi hakuwa na desturi ya kuliandika kwenye kaburi la mwanamume: Cafatia natus, aliyezaliwa na Cafatia. Mama yake.